Stesheni za SGR zisingoje mchora rangi wa siku tatu

Ndugu Mhariri,

Salamu kutoka Malaba, upande wa Uganda, huku malori yamepanga laini kama kawaida na tope limetufika magotini. Mimi ni mchora mabango. Kama umewahi kupita hapa boda basi umeshaona kazi yangu hata kama hunijui, ile mipira ya matope nyuma ya tairi za trela yenye simba na maandishi ya "Mungu Yupo", nyingi nimechora mimi, na vinyozi, na maduka ya simu, na bucha moja yenye ng'ombe anayecheka ambaye watu wanakuja kumpiga picha sijui kwa nini. Siku hizi kazi imepungua kwa ajili ya hizi baneri za kuprinti, kwa hiyo nina muda wa kusoma gazeti lako mpaka matangazo ya minada.

Kilichonifanya nishike simu niandike ni hii SGR, reli mpya ya kisasa. Mkataba ulisainiwa Oktoba 2024 na kampuni ya Uturuki, Yapi Merkezi, kilomita 272 kutoka hapa kwetu mpaka Kampala, yuro bilioni 2.7. Watu wanabishana juu ya fidia ya mashamba na wana haki, shamba ni shamba. Wanabishana deni tutalilipa mpaka lini. Sawa. Lakini kwenye vikao vyote vya kibanda cha chai hapa sijasikia mtu hata mmoja akiuliza zile stesheni zitakuwa na sura gani, na nani ataamua hiyo sura, na mimi ambaye rangi ndiyo imenilea naona hapo ndipo tutapigwa bao tukiwa tumelala.

Sasa nieleze nimetoa wapi hii. Dada yangu anayenifuata yuko Melbourne, Australia, analea wazee kwenye nyumba za wazee, anaenda kazini kwa treni. Mwisho wa 2025 wakafungua njia mpya ya treni chini ya ardhi katikati ya mji, wanaiita Metro Tunnel, stesheni tano. Akanitumia picha kwenye WhatsApp, akaandika "kaka angalia, hizi ni nyayo". Nikaangalia nikadhani ni urembo tu wa vigae, kumbe ni nyayo kweli, za wanyama wa asili ya huko Victoria, kubwa kubwa. Kazi yote inaitwa Tracks, na mwenye kazi ni mama mmoja msanii anaitwa Maree Clarke, damu yake ni ya wenyeji wenyewe wa ile ardhi, Yorta Yorta, Wamba Wamba, Mutti Mutti na Boonwurrung. Hao ndio wanaitwa Waaborijini, watu waliokaa Australia zaidi ya miaka 50,000 kabla Mwingereza hajashuka na meli yake. Kila stesheni kati ya zile tano ina nyayo zake, ukishuka unajua kwamba kabla ya treni kupita hapa kulipita mnyama, na kabla ya mji kulikuwa na watu waliomfuata huyo mnyama kwa nyayo hizo hizo.

Kilichonishika zaidi si uzuri. Wazuri tuko wengi. Kilichonishika ni kwamba ile kazi haikuja mwisho. Haikupakwa juu ya ukuta uliokwisha. Iko ndani ya stesheni yenyewe, maana yake aliitwa wakati mainjinia bado wana karatasi mezani, akakaa na wao, wakakubaliana nini kinaenda wapi. Sisi huku mchoraji anaitwa siku mheshimiwa anakuja.

Najua ninachosema kwa sababu niliitwa. Miaka kadhaa imepita, kuna kontrakta mmoja, jina nitalimeza, alikuwa anamalizia ukuta wa kuzuia udongo kando ya barabara huku mashariki. Ufunguzi ni Jumamosi, mimi napigiwa simu Jumatano jioni, ati "fundi tunataka kitu cha kitamaduni, ukuta mita kumi na nane, uwe na rangi rangi". Nikauliza utamaduni wa nani, maana barabara ile inapita kwa Wateso, kwa Wajopadhola, kwa Wasamia, akaniambia "utamaduni tu, wewe si msanii". Basi nikachukua thina yangu na makopo manne ya glosi nikaenda. Nikachora korongo wa bendera, nikachora mama na mtungi, na palipobaki nafasi nikafungua simu nikatoa ile michoro ya mwamba wa Nyero, kule Kumi, zile duara ndani ya duara nyekundu na nyeupe, nikazipiga pale kubwa kubwa kama rimu za gari. Nilijiona nimeweza kweli.

Ijumaa mchana mama mmoja mzee wa Kiteso, alikuwa anauza karanga za kuchoma pale kando, akaja akasimama nyuma yangu muda mrefu bila kuongea. Halafu akaniuliza, "Mwanangu, hizi nani amekuambia uzilete huku?" Nikamwambia nimezitoa kwenye intaneti. Akasema wazazi wake walikuwa wanaenda kule mwambani kuomba mvua, na mtu haendi vile vile tu, kuna watu wa kuulizwa kwanza. Hakunigombeza. Aliokota kopo langu lililoanguka akaniwekea vizuri akarudi kwenye karanga zake, na mimi nikabaki na brashi juu kama mjinga. Sikuzifuta. Nilikuwa nadai pesa, nilitaka kumaliza.

Pesa yenyewe nililipwa nusu, ile nyingine "njoo wiki ijayo" mpaka leo. Na baada ya mvua za kwanza wakaja watu wa mfereji wakatoboa ukuta kupitisha paipu, paipu ikatokea shingoni kwa korongo. Ukipita pale mpaka sasa utaona korongo anatapika maji machafu. Dereva wangu mmoja mteja huwa ananitania, "fundi, ndege wako bado ni mgonjwa".

Kwa hiyo dada alipotuma zile picha nikaanza kusoma usiku, bando ikaisha nikanunua nyingine, kwa sababu nilitaka kujua hawa wenzetu walifikaje pale. Na nikakuta kwamba na wao walianza vibaya, vibaya kuliko mimi na ukuta wangu. Mwaka 1966 Australia walipobadilisha pesa zao kuwa dola, noti ya dola moja ilikuwa na mchoro wa gome la mti, wa mzee mmoja wa Arnhem Land, kaskazini ya Australia, anaitwa David Malangi. Mchoro wa maana kubwa, wa mazishi ya babu mwindaji Gurrmirringu aliyeumwa na nyoka. Mwenyewe hakuulizwa. Watu wote nchini wanatembea na mchoro wake mfukoni na yeye hana habari. Baadaye aibu ikawapata wakampa dola 1,000, medali, na vifaa vya kuvulia samaki. Vifaa vya samaki, Mhariri! Niliposoma hapo nilicheka halafu nikanyamaza, maana nilikumbuka zile duara zangu na yule mama wa karanga, na yeye hata ndoano sikumpa.

Baada ya hapo wenyewe wakapigana, mahakamani na nje ya mahakama, mpaka ikaeleweka kwamba mchoro wa ukoo si wa kuokota. Na vitu vya usafiri ndiyo ilikuwa moja ya sehemu kazi yao ilipotokea kwa ukubwa. Mwaka 1994 shirika la ndege la Qantas likapaka ndege nzima, Boeing 747, nyekundu yote na kangaruu, ikaitwa Wunala Dreaming. Waliofanya ile disaini ni studio ya Balarinji, ya John Moriarty na mkewe Ros. Huyu Moriarty ni Myanyuwa kutoka Borroloola, alitolewa kwa mama yake akiwa mtoto kama serikali ya huko ilivyokuwa inawafanyia watoto wengi wa kiasili, na hiyo "wunala" ni neno la lugha ya kwao, maana yake kangaruu. Hebu fikiria, mtoto aliyetolewa kwao ili asahau lugha, halafu neno la lugha ile linaruka juu ya bahari kwenye ubavu wa ndege. Mimi hapo sina cha kuongeza.

Na Sydney hivyo hivyo. Njia yao mpya ya metro ya mjini ilifunguliwa Agosti 2024, na stesheni ya Waterloo ina kazi ya Nicole Monks inayoitwa Footprints on Gadigal Nura, nyayo tena, kwa sababu mtaa ule na jirani yake Redfern ni mtaa wa Waaborijini wa mjini tangu zamani. Kuna stesheni nyingine kwenye njia hiyo ilikuwa iitwe Pitt Street, wakaiita Gadigal, jina la watu wenye ile ardhi. Nyingine ni Barangaroo, jina la mwanamke mvuvi wa zamani za Waingereza wa kwanza, mwanamke ambaye wanasema hakubabaishwa nao hata kidogo. Kila treni ikitangaza stesheni lazima jina lake litajwe, mtu apende asipende. Sisi tumewahi kubadilisha pia, bwawa la umeme la Owen Falls likawa Nalubaale, lakini bandari ya Port Bell bado inaitwa kwa jina la gavana na hakuna anayekosa usingizi.

Kilichoniuma kabisa ni daraja. Mji wa Perth, magharibi ya Australia, walifungua daraja la watembea kwa miguu Julai 2018, linaitwa Matagarup, neno la Wanoongar, maana yake mahali ambapo maji ya mto yanafika mguu, yaani pale ndipo watu walivukia kwa miguu tangu zamani. Umbo lake wamelitoa kwa bata maji na kwa Wagyl, yule nyoka wa hadithi zao aliyechimba mito. Chuma chenyewe kimepinda kama nyoka na shingo ya ndege, si kwamba kuna mtu alikuja baadaye na kopo la rangi. Sasa Oktoba mwaka huo huo wa 2018 na sisi tukafungua daraja jipya la Jinja, mita 525, zile nyaya zimeshuka kama nyuzi za kinanda, zuri sana sikatai, nilivuka nikashusha kioo cha taksi nikatoa kichwa kama mtoto. Linaitwa Source of the Nile Bridge. Huo mto Wasoga wanauita Kiyira. Hakuna Kiyira kwenye jina. Nilivuka mwanzo mpaka mwisho na ungenifunga macho halafu ukanifungua katikati, ningekuambia tuko Japani, na kwa kweli mkopo ulitoka Japani kwa hiyo labda nisingekosea sana.

Najua kuna msomaji anasema huyu mtu wa rangi anatuletea habari za nchi tajiri, sisi hatuna dawa hospitalini. Nakuelewa ndugu. Na pia nisije nikawauzia Australia kama mbinguni, maana Oktoba 2023 walipiga kura ya maoni kama wenyeji wa asili wawe na chombo chao cha kushauri bunge, watu karibu 60 kwa kila 100 wakasema hapana. Nchi ile ile iliyoipa stesheni jina la Gadigal. Dada yangu anasema kazini kwake kuna mama wa kiasili, wanapika chai pamoja, alimwambia "wanapenda michoro yetu kuliko sisi". Hiyo sentensi imekaa kichwani kwangu. Na sisi tusijifanye, Wabatwa walitolewa kwenye misitu ya Bwindi na Mgahinga mwaka 1991 ilipofanywa hifadhi, na leo ngoma yao inachezwa kwa watalii wakati wengi wao hawana hata kiwanja cha kulimia. Kumweka Mbatwa ukutani stesheni bila kumwuliza ni kumtoa mara ya pili.

Lakini hoja ya pesa haisimami, na hii naongea kama fundi. Ukuta wa zege lazima umwagwe. Sakafu lazima iwekwe vigae. Chuma cha uzio lazima kikatwe kwa namna fulani. Hiyo pesa itatoka vyote viwili, iwe na maana ama isiwe na maana. Gharama kubwa ni ile ya kuchelewa, ukiniita mwisho nitakuja na rangi, rangi huku kwenye jua na moshi wa dizeli inachukua miaka mitatu imepauka, halafu unanilipa tena. Ukiniita mwanzo hata rangi haitumiki.

Nitoe mfano mmoja nimekuwa nao kichwani miezi sasa. Kitambaa cha gome, lubugo, Waganda wanakitengeneza kutoka mti wa mutuba, UNESCO walikitangaza mwaka 2005 kuwa urithi wa utamaduni wa binadamu. Watengenezaji wa jadi ni ukoo wa Ngonge. Nilienda kuangalia mara moja nilipompeleka bibi arusi wa rafiki yangu ukweni. Fundi anamenya gome zima la shina, mti anaufunga majani ya migomba kama mtu aliyefungwa kidonda ili uote gome lingine, halafu anakaa kwenye banda anaanza kupiga. Ana nyundo za mbao tatu. Ya kwanza ina mifereji mipana, ya pili ya kati, ya tatu mifereji myembamba karibu kama uzi, na kila ikipiga inaacha mistari yake kwenye gome na gome linatanuka polepole mpaka linakuwa nguo. Nilishika nyundo ya tatu nikapitisha kidole, nikasema lo! hii ni fomwaki. Yaani ukichonga zile mbao za kumwagia zege kwa mifereji ya nyundo ya lubugo, kubwa chini, ya kati katikati, nyembamba juu, ukimwaga ukuta wa stesheni ya Kampala ukatoa mbao, ukuta mzima unatoka umepigwa kama lubugo. Hautapauka. Mtoto atapitisha kidole kama nilivyopitisha mimi. Na hauwezi kuungua kama lubugo lenyewe, maana tulishaona Kasubi, kwenye makaburi ya wafalme wa Buganda, Machi 2010 jinsi moto ulivyomaliza nyumba kuu usiku mmoja. Lakini nani atachonga zile mbao, na mistari ipi, hiyo aulizwe mtu wa Ngonge na alipwe yeye, si mimi Mteso wa Malaba mwenye simu.

Kwa Wasoga kuna bigwala, zile tarumbeta za vibuyu, kila kibuyu kinatoa sauti moja tu kwa hiyo lazima watu watano au zaidi wapokezane ndipo wimbo utoke. UNESCO waliiweka mwaka 2012 kwenye orodha ya vitu vinavyohitaji kuokolewa haraka. Badala ya ile ting-tong ya tangazo la treni ambayo ni ile ile dunia nzima, Iganga na Jinja zisikike vibuyu sekunde tano. Ila ni muziki wa kifalme, wa kutawazwa na wa msiba, kwa hiyo kwanza Kyabazinga, mfalme wa Wasoga, na wazee waulizwe, na wakisema hapana, huo si wa kupigia abiria wanaokimbilia viti, basi ni hapana, tunatafuta kingine. Hapana pia ni jibu. Hapo ndipo naona watu wetu wa projekti watashindwa, kwa sababu wao wakija kwa wazee huwa wameshaprinti.

Na kwa Nyero nasema wazi, mimi naomba zile duara zisiwekwe. Angalau mpaka watu wa Kumi wenyewe wakae waseme.

Kuna jambo moja linanipa moyo kidogo. Hao hao Yapi Merkezi ndio walijenga SGR ya Tanzania kutoka Dar, na stesheni ya Dar es Salaam wameipa umbo la jiwe la tanzanaiti, na ya Dodoma inafuata vilima na miamba ya kule. Kwa hiyo kampuni inaweza, haihitaji kufundishwa. Umbo la jiwe ni hatua, ingawa mimi naona jiwe ni rahisi kwa sababu jiwe halina ukoo wa kuuliza. Sisi tuna mwamba wetu hapa Tororo unaoonekana kutoka kila upande, najua kabisa kuna mtu ofisini tayari ameshauchora kwenye paa la stesheni akaona kazi imekwisha. Aende basi akawaulize Wajopadhola ule mwamba unasema nini kabla hajafunga faili.

Ninachoomba, Mhariri, gazeti lako liwaulize wahusika swali moja tu na waandike jibu lao: kwenye michoro ya stesheni za Malaba mpaka Kampala, wasanii na wazee wa koo wameitwa lini, na kwenye bajeti wako mstari gani? Kama bado, bado kuna muda, udongo ndiyo kwanza unachimbwa.

Mimi nipo, duka langu liko nyuma ya mzani wa malori, ukiuliza mchora ng'ombe anayecheka mtoto yeyote atakuonyesha. Nikiitwa wakati karatasi bado ziko mezani nitakuja hata kwa chai tu. Nikipigiwa Jumatano kwa ajili ya Jumamosi, siji.

Mchora mabango,
Malaba